Gemu za DOS kwenye kompyuta ya leo: spidi, sauti na sura kama enzi zile

Ukibofya PRINCE.EXE kwenye Windows ya leo, unajibiwa kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Faili si bovu. Windows ya biti 64 haina tena ile sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za biti 16, na sehemu kubwa ya gemu za DOS ni za biti 16. Kinachohitajika ni emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta nzima ya zamani pamoja na prosesa yake, kadi ya sauti, kadi ya picha na memori. Inayojulikana zaidi ni DOSBox. Ni ya bure na ipo tangu 2002.

Kuifanya gemu ifunguke ni kazi ya dakika chache. Kazi hasa ni kuifanya iwe ile ile unayoikumbuka. Gemu ya DOS iliandikwa kwa kompyuta ya miaka fulani, yenye spidi fulani na kadi fulani ya sauti, na karibu kila kero utakayokutana nayo inatokana na kuipa kompyuta isiyo yake. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mpangilio mmoja utakaozifaa zote. Kila gemu ipewe mashine yake.

Maelekezo haya yanafuata DOSBox 0.74-3, toleo la 2019. DOSBox Staging ni mpya zaidi na inaelewa amri zile zile, ila majina ya baadhi ya mipangilio yamebadilika. DOSBox-X inamfaa zaidi anayetaka kuweka Windows 3.1 au Windows 95 ndani ya emuleta.

Gemu yenyewe unaipata wapi

Gemu kuwa ya zamani hakuifanyi kuwa ya bure. Haki miliki inaendelea kuwepo hata kama kampuni iliacha kuiuza miaka mingi iliyopita. Njia halali hata hivyo ni nyingi. Commander Keen (1990), Wolfenstein 3D (1992) na Doom (1993) zilisambazwa kwa mtindo wa sheawea: sehemu ya kwanza unagawa na kucheza bila malipo, zilizobaki unanunua. The Elder Scrolls: Arena iliachiwa bure na wenyewe mwaka 2004, na Daggerfall ikafuata 2009. Nyingine nyingi zinauzwa kwenye duka la mtandaoni la GOG, mara nyingi zikiwa tayari zimefungashwa na DOSBox pamoja na kijitabu chake.

Kijitabu hicho usikidharau. Zamani gemu zilijilinda zisinakiliwe kwa kukuuliza kitu kilichoandikwa humo. Kwenye Prince of Persia, ukimaliza hatua ya kwanza unaingia chumba kilichojaa chupa zenye herufi. Unaambiwa ukurasa, mstari na neno, kisha unywe chupa yenye herufi ya kwanza ya neno hilo. Ukinywa isiyo yake, unakufa. The Secret of Monkey Island ilikuja na gurudumu la karatasi lenye sura za maharamia. Usipokuwa na vitu hivyo, unaweza kupanga spidi na sauti vizuri kabisa halafu ukakwama mlangoni.

Angalia pia ukubwa wa unachopakua. Nje ya vifurushi kama vya GOG, gemu ya 1990 iliyokuja kwenye flopi mbili haiwezi kuwa faili moja la kusakinisha la megabaiti 60. Ukiona hivyo, liache.

Folda na amri za kwanza

Tengeneza folda moja ya gemu zote, mfano C:\DOSGEMU, na ndani yake folda ya kila gemu. Majina yasizidi herufi nane na yasiwe na nafasi. DOS haijui majina marefu: folda uliyoiita "Prince of Persia" itaonekana PRINCE~1, na baadhi ya gemu hushindwa kupata mafaili yake zikiwa humo.

Usiunganishe diski yako yote ya C. DOSBox yenyewe hukuonya ukijaribu, na inastahili kusikilizwa, maana programu yoyote inayoendeshwa ndani yake inaweza kufuta chochote kilichomo kwenye folda uliyoiunganisha.

Ukiifungua DOSBox unakuta Z:\> ikikusubiri. Andika:

```
mount c C:\DOSGEMU
c:
cd PRINCE
dir *.exe
PRINCE
```

Baada ya mstari wa kwanza utajibiwa "Drive C is mounted as local directory C:\DOSGEMU\". Jibu hilo lisipotokea, umekosea njia ya folda, na hakuna haja ya kuendelea na mistari mingine. Kwenye Linux na Mac mstari huo unakuwa `mount c ~/dosgemu`.

Kama kibodi yako inakataa kutoa nukta pacha au mkwaju wa nyuma, shikilia Alt uandike 58 kwa nukta pacha au 92 kwa mkwaju, ukitumia namba za upande wa kulia wa kibodi. Na kama umeongeza mafaili kwenye folda wakati DOSBox iko wazi, haitayaona hadi uandike `rescan`.

Vibonyezo vya kushika kichwani ni vitatu: Alt+Enter kujaza skrini nzima, Ctrl+F10 kuachilia kipanya kilichonaswa ndani ya dirisha, na Ctrl+F9 kuzima emuleta papo hapo. Hicho cha mwisho kinazima bila kuuliza na bila kuhifadhi.

Spidi

Hapa ndipo kumbukumbu za watu wengi huharibika. Waandishi wengi wa gemu za mwanzo hawakupima muda kwa saa ya kompyuta. Waliiacha prosesa ikimbie tu, kwa kuwa walijua prosesa yenyewe ni ipi. Gemu iliyotegemea spidi ya prosesa ya 8088 ya megahezi 4.77, ukiiweka kwenye mashine yenye kasi, inamalizika kabla hujagusa kibodi.

DOSBox inapima spidi kwa mizunguko, na namba yake unaiona juu ya dirisha, mahali palipoandikwa "Cpu speed: 3000 cycles". Ctrl+F12 inapandisha na Ctrl+F11 inashusha. Kwenye kompyuta ndogo za mkononi mara nyingi inabidi ushike na Fn pia. Makadirio ya kuanzia ni haya:

- 8088 ya XT: takriban 300
- 286 ya megahezi 12: kati ya 1500 na 2000
- 386DX ya megahezi 33: takriban 6000
- 486DX2 ya megahezi 66: takriban 25000
- Pentium za mwanzo: 50000 kwenda juu

Ni makadirio kweli, maana emuleta haiigi kila prosesa kwa usahihi wa saa. Anza na mwaka wa gemu, chagua mashine ambayo watu wengi walikuwa nayo miaka hiyo, kisha rekebisha kwa macho.

Usipimie kwenye skrini ya ufunguzi. Nenda mahali penye vurugu zaidi: maadui wengi, milipuko, ramani inayosogea. Pakiwa pazito, pandisha kidogo kidogo. Kuna dalili moja inayosaidia sana: kwenye gemu nyingi muziki unafuata saa ya kompyuta huku mwendo wa wahusika ukifuata prosesa. Muziki ukiwa sawa na wahusika wanakimbia kama kuku waliofunguliwa banda, tatizo ni mizunguko tu, achana na mipangilio ya sauti. Na sauti ikianza kukwaruza baada ya kupandisha sana, maana yake kompyuta yako halisi imeshindwa kuihudumia emuleta. Shusha.

Mpangilio wa asili ni `cycles=auto` (mistari ya aina hii huandikwa kwenye faili la mipangilio, linaloelezwa mwishoni). Huo huipa gemu ya kawaida mizunguko 3000, na gemu inayotumia hali ya ulinzi ya prosesa, kama Doom, huipa nguvu zote zilizopo. Ndiyo sababu Doom mara nyingi inakwenda vizuri bila kuguswa wakati gemu ya 1992 yenye picha nzito inajikokota. Hiyo ya pili iandikie `cycles=fixed 12000` uone.

Ujumbe "Runtime error 200" nao ni wa spidi. Programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal hupima kasi ya prosesa zinapoanza. Ikiwa kubwa mno, hesabu inazidi nafasi iliyotengewa na programu inaanguka. Shusha mizunguko kabla ya kuifungua, kisha pandisha ikishaanza.

Sauti: chagua ile uliyokuwa nayo

Kabla ya kucheza, tafuta kwenye folda ya gemu faili la SETUP, INSTALL au SETSOUND uliendeshe. Ukiulizwa kadi, chagua Sound Blaster, na namba ambazo gemu huitumia kuipata kadi ziwe hizi:

```
Anwani (Address): 220
IRQ: 7
DMA: 1
```

Kwa Sound Blaster 16, DMA ya juu ni 5. Kosa linalojirudia zaidi liko kwenye IRQ. Programu nyingi za kupangia hupendekeza 5, kwa kuwa kadi nyingi halisi zilikaa hapo, lakini DOSBox imewekwa 7. Matokeo yake ni kimya, au sauti ya kwanza inalia halafu inajirudia bila kukoma, au gemu inaganda. Rekebisha upande mmoja: badilisha kwenye gemu, au andika `irq=5` katika sehemu ya sblaster ya faili la mipangilio. Ukibadilisha pande zote mbili kwa pamoja unarudi kwenye tatizo lile lile. Kama programu inajaribu kuitambua kadi yenyewe na inaganda, kataa utambuzi huo ujaze namba kwa mkono.

Gemu nyingi zinaulizia muziki na vishindo kando kando, na majibu mawili tofauti yanaruhusiwa. AdLib (1987) na Sound Blaster (1989) zilitumia chipu ile ile ya Yamaha kwa muziki, ule mlio wa kama kinanda cha bati ambao wengi wakiusikia wanaitambua gemu kabla ya kuiona. Roland MT-32, kifaa cha muziki nacho cha 1987, ilikuwa ghali na ilisikika vizuri kuliko zote. Ukichagua MT-32 kwenye gemu huku kompyuta yako inapiga muziki kwa utaratibu wa General MIDI wa 1991, namba za ala hazilingani, hivyo ngoma inaweza kutokea mahali pa filimbi. Kwa hilo Staging ina nafuu: ina MT-32 ndani yake, ila mafaili ya ROM ya kifaa hicho unayatafuta mwenyewe.

Lakini fikiria kwanza ulichokuwa unasikia. Kompyuta nyingi za ofisini na shuleni hazikuwa na kadi yoyote ya sauti, zilikuwa na spika ndogo ya ndani inayolia bip. Kama hiyo ndiyo uliyokulia, chagua PC Speaker. AdLib itakupa muziki mzuri zaidi ambao hujawahi kuusikia, na utabaki unajiuliza mbona gemu si ile.

Sura kwenye skrini

Gemu nyingi za VGA (aina ya kadi ya picha) zilichora pikseli 320 kwa 200, lakini skrini za wakati ule zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kila pikseli ilirefuka kidogo kwenda juu. Kwenye skrini ya leo, bila marekebisho, picha inabonyea: duara linakuwa yai lililolala na watu wanakuwa wafupi wenye mabega mapana. Dawa ni `aspect=true`.

`output=openglnb` inaacha kingo za pikseli zikiwa kali, na `output=opengl` inazilainisha. Ukipenda kali, ujue kwamba pikseli 200 hazigawanyiki sawasawa kwenye kila kimo. Kwenye 1280x960 baadhi ya mistari itakuwa minene kuliko mingine, na inaonekana wazi picha inaposogea. Kimo kinachokaa kamili ni 1600x1200, mara tano kwa upana na mara sita kwa urefu. Vichujio vya kulainisha kama hq2x viache: vinafanya sura za wahusika zionekane zimechorwa kwa nta.

Kwa gemu za kabla ya 1987 angalia pia mpangilio wa `machine`. DOSBox huanza na `svga_s3`, ambayo inafaa karibu zote, lakini gemu iliyotengenezwa kwa CGA, kadi ya picha ya zamani zaidi, na rangi zake nne wakati mwingine hutoka vizuri zaidi kwa `machine=cga`, na zilizotengenezewa kompyuta za Tandy hupata rangi 16 na sauti tatu kwa `machine=tandy`. Mpangilio huu haubadiliki emuleta ikiwa wazi. Ifunge uifungue upya.

Memori ikigoma

Waliokuwepo wanakumbuka usiku wa kuhangaika na CONFIG.SYS na EMM386, mafaili ya kupangia memori ya DOS, ili kubakiza kilobaiti chache katika zile 640 za gemu. DOSBox imeondoa sehemu kubwa ya adha hiyo, lakini imeleta ya kinyume: wakati mwingine nafasi iliyo wazi chini ni nyingi kupita kiasi. Ukiona "Packed file is corrupt", faili halijaharibika. Lilibanwa kwa programu yenye kasoro inayojitokeza likipakiwa ndani ya kilobaiti 64 za mwanzo. Tanguliza neno moja:

```
loadfix GEMU.EXE
```

Amri hiyo inajaza kilobaiti 64 za chini ili gemu ipande juu yake. Ikilalamikia memori ya EMS (memori ya ziada), jaribu `ems=false` katika sehemu ya dos. Kwa kawaida hakuna haja ya kugusa `memsize=16`; megabaiti 16 ni nyingi kwa karibu gemu zote za DOS, na kuna chache zinazochanganyikiwa zikikuta zaidi.

CD na flopi

Nakala ya CD iunganishe kwa:

```
imgmount d C:\DOSGEMU\CD\GEMU.CUE -t iso
```

Gemu nyingi za katikati ya miaka ya 1990 ziliweka muziki kama nyimbo za kawaida za CD. Faili la ISO halibebi nyimbo hizo, ndiyo maana gemu inafunguka ikiwa kimya. Unahitaji nakala ya BIN na CUE. Faili la CUE ni maandishi matupu, na mstari wake wa kwanza unataja jina la BIN. Ukibadilisha jina la BIN, fungua CUE kwa Notepad urekebishe mstari huo, vinginevyo haitaunganishwa.

Kama una flopi zako za zamani, zinakili mapema, maana sumaku yake inafifia. Kabla ya kuiingiza popote, sogeza kifuniko cha chuma cha flopi ya inchi 3.5 uangalie utando: madoa meupe ni ukungu, na ukungu unachafua kichwa cha kusomea, kisha unahamia flopi inayofuata. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na pamba isiyoacha nyuzi, iache ikauke kabisa. Halafu izuie isiandikwe. Kwenye inchi 3.5 unafungua kitundu. Kwenye inchi 5.25 ni kinyume, unaziba pengo la pembeni kwa kibandiko. Wengi huchanganya hapo.

Kisomaji cha USB kinatosha kwa inchi 3.5. Kwenye Linux tafuta jina lake kwa `lsblk` kisha:

```
sudo dd if=/dev/sdb of=diski1.img bs=512 conv=noerror,sync
```

Hakikisha sdb ni flopi kweli. Nakala kamili ya flopi ya megabaiti 1.44 ina baiti 1474560, na ile ya kilobaiti 720 ina 737280. Kwa inchi 5.25, au diski zenye ulinzi wa kunakiliwa, USB haitafaa. Utahitaji kisomaji halisi cha zamani na bodi ya kukiunganisha na kompyuta, kama Greaseweazle. Gemu ya flopi kadhaa isakinishe kwa kuorodhesha zote, `imgmount a diski1.img diski2.img diski3.img -t floppy`, na ukiombwa diski inayofuata bonyeza Ctrl+F4.

Faili la kila gemu

Mipangilio ikishakaa sawa, iandike kwenye faili dogo, mfano prince.conf, badala ya kuchafua faili kuu:

```
[sdl]
output=openglnb
fullresolution=desktop

[render]
aspect=true
scaler=none

[cpu]
cycles=fixed 4000

[autoexec]
mount c C:\DOSGEMU
c:
cd PRINCE
PRINCE
exit
```

Liite kwa `dosbox -userconf -conf prince.conf`. Hiyo `-userconf` ni muhimu, kwa sababu DOSBox 0.74-3 ikipewa `-conf` peke yake hailisomi kabisa faili lako kuu. Tengeneza njia ya mkato yenye amri hiyo kwenye skrini ya mwanzo na gemu itafunguka kwa kubofya mara mbili.

Mhusika akitembea mwenyewe kuelekea upande mmoja, chomoa joistiki au weka `joysticktype=none`. Kama unaihitaji joistiki, jaribu `timed=false`. Ulipofikia kwenye gemu huhifadhiwa ndani ya folda ya gemu yenyewe, kwa hiyo kunakili folda hiyo ndiyo njia ya kuweka akiba.

Na kama mlikuwa mnacheza Doom kwa waya kati ya kompyuta mbili, hilo nalo linarudi. Weka `ipx=true` kwenye kompyuta zote. Moja iandike `ipxnet startserver 2130`, zingine `ipxnet connect 192.168.1.10 2130`, namba ya kati ikiwa anwani ya ile ya kwanza na 2130 ikiwa mlango (port) wa mtandao. Mlango wa asili ni 213, lakini Linux kwa kawaida huzuia milango iliyo chini ya 1024 kwa mtumiaji wa kawaida. Kisha fungua SETUP ya Doom uchague mchezo wa mtandao, wachezaji wasizidi wanne. Idadi yao iwe ile ile kwenye kila kompyuta, la sivyo zote zitabaki zinasubiri mtu asiyekuja.